Kompyuta ya Baba Iko Mahututi

Nyumbani,
Chumba cha mbele,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Dada,

Hujambo? Shemeji na watoto wazima? Sisi tuko salama, ila Mama anasumbuliwa na mguu, na mimi nasumbuliwa na Mama.

Uliniomba video ya hotuba ya Baba kwenye harusi yangu, ile uliyoikosa kwa kuwa mbali. Nikadhani ni kazi ya kufumba na kufumbua. Dada, nimekiona cha moto! Nilipoiwasha kompyuta ya marehemu, ikaanza kugonga ndani kama mtu aliyefungiwa kabatini. Nikampigia fundi. Akasema diski inakufa, na kila tukiiwasha tunaimalizia, kwa hiyo tusiiguse mpaka aje kesho yake. Hotuba haikuwa na nakala popote pengine.

Nikamwambia Mama kompyuta ya Baba iko mahututi. Basi! Unawajua watu wetu, wakisikia mahututi lazima waje kumwona mgonjwa. Jioni sebule ikajaa, nami nikatumwa sukari ya chai ya wageni. Kumbe huku nyuma Shangazi hakuridhika kusimuliwa, akaiwasha aone mwenyewe. Jirani yetu mshonaji naye akaiwasha, akaipa pole. Mjomba akausikiliza ule mlio, akasema anaujua tangu enzi za redio zake, akaizaba kofi la ubavuni. Ikanyamaza kabisa. Nilimkuta anapongezwa.

Fundi alipofika aliuliza nani ameipiga. Mjomba akaanza kuyasifia mapazia.

Fundi akaichomoa diski, akaenda nayo kibandani kwake. Mama akamfuata na mguu wake huohuo, akaketi mlangoni kutwa, akimkataza kupiga mluzi akiwa kazini. Picha zetu karibu zote zimepotea, na mke wangu bado amenuna. Lakini hotuba imepona, yote.

Tuliitazama pamoja. Baba suti imembana, jina la bibi harusi limemtoka, anamwita "huyu binti yetu mzuri." Tukacheka mpaka machozi. Halafu akakutaja wewe: "Kile kiti cha mbele ni cha mwanangu mkubwa. Hayupo, lakini asikikalie mtu." Mjomba, aliyekuwa amekikalia, anaonekana akinyanyuka na sahani yake. Hapo nililia, Dada, sikufichi.

Shangazi na Mjomba wanakusalimu sana. Mjomba anasema kompyuta yenu ikisumbua, umwite. Wabusu watoto, na Mungu awafunike kwa rehema zake.

Sasa kuhusu video yenyewe. Flashi yenye video, aliyotupa fundi, Mama ameitia kwenye mkoba wake na kufunga zipu. Kasema, "Akitaka kumsikia baba yake, aje tumsikilize wote." Fundi alinihurumia, akanitilia nakala ya pili kwenye simu kwa siri. Ninayo hapa mfukoni, na kukutumia ni kubonyeza tu.

Sikutumii. Njoo.

Ni mimi mdogo wako,
nikupendaye hata ukinuna.