Nyati Kamjeruhi Saidi, Kesi Nimepewa Mimi

Jumatano jioni, Nachingwea. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Nina hasira, nina hofu, na sijui ipi imezidi.

Mume wangu Saidi amelazwa hospitali. Alikwenda kurina asali pori la Kilimarondo, nyati akampasua paja. Lori la mradi wa karanga ndilo lililomleta mjini. Daktari anasema mguu utapona. Alhamdulillahi.

Lakini kwetu Kiegei anayeshtakiwa si nyati.

Mume akiwa porini, mke anakaa kwa miiko. Hapaki mafuta, hasuki nywele, na zaidi ya yote hamjui mwanamume mwingine. Akivunja, pori linamgeukia mumewe. Basi habari ilipofika, hakuna aliyeuliza nyati alitokea wapi. Wote waliuliza mimi nilikuwa wapi.

Na mimi nina mimba. Aliniacha nayo ikiwa changa, hata mama mkwe alikuwa hajaambiwa. Sasa tumbo limeanza kuonekana.

Wifi yangu Mwanahawa ndiye aliyeanza kukumbuka mambo. Ati muuza kanga alipopita nilicheka mpaka nikashika kiuno. Nilicheka, ndiyo! Yule bwana alikuwa anatuigizia alivyoanguka na baiskeli yake, na Mwanahawa mwenyewe alicheka mpaka machozi yakamtoka. Siku ile kilikuwa kicheko tu, leo kimekuwa ushahidi. Ati nilichelewa kisimani. Ati wiki ile nilikuwa kimya mno. Ningekuwa na maneno mengi, nayo yangemfaa vilevile.

Jamani, hivi ndivyo watu wanavyofikiri? Wameshaamua, sasa ndiyo wanatafuta sababu.

Na mimi si bora kuliko wao. Tangu jana najichunguza. Kuna siku nilipaka mafuta visigino, vilikuwa vimepasuka hata kukanyaga siwezi. Nimekaa nawaza, isije ikawa ndiyo siku ileile ya nyati. Mimi huyu ninayewaona wao wajinga! Hofu inaokota chochote.

Leo asubuhi walikuja wote wodini, mama mkwe, Mwanahawa na mjomba Bakari, ambaye neno lake ndilo la mwisho katika ukoo wa Saidi. Mjomba akiniona nina hatia, narudishwa kwa wazazi wangu Chunyu na mtoto huyu atazaliwa akiitwa wa muuza kanga.

Mjomba akamwomba Saidi aeleze. Nilishika chuma cha kitanda.

"Mjomba, kosa ni langu," Saidi akasema. "Nyayo za nyati niliziona, mbichi kabisa. Niliona kuzunguka yale matete ni mbali, nikakatiza katikati. Nilitaka kuwahi kambini tu."

Nilishusha pumzi. Nikajua yamekwisha.

Mama mkwe akamtazama mwanawe, kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu amekulia porini. Hawezi kuona nyayo mbichi akazifuata. Nani alimfumba macho?"

Mwanahawa akaitikia kwa kichwa. Mjomba naye akaguna, akasema atatoa neno Ijumaa baada ya swala. Maneno yaliyokuja kuniokoa yameongezwa kwenye mashtaka.

Walipoondoka nikachukua bakuli, nikaanza kumnywesha Saidi uji. Nilikuwa na furaha kidogo, sitaki kudanganya. Angalau yeye yuko upande wangu. Alikuwepo, anajua alichokifanya na kwa nini alikifanya.

Alikunywa kidogo, akalikwepa bakuli.

"Mama Asumini," akaniambia polepole, kwa jina la binti yetu wa kwanza, kama anavyoniita siku zote. "Mbele yao nimekutetea. Sasa tuko wawili. Hiyo mimba ni yangu?"

Uji ulimwagika kwenye shuka, nikashughulika kuufuta kana kwamba ndiyo kazi iliyonileta. Nilipoinua uso alikuwa bado ananiangalia, na nikaona kwamba hata kule kunyamaza kwangu amekuweka akilini.

Kesho nitampelekea uji tena. Nimwambie nini mtu aliyeziona nyayo kwa macho yake mwenyewe, na bado ananishuku mimi?