Zamu ya Keki ya Rasmus

Basi dada Kirsten, simu ilikatika nikiwa bado nakuficha jambo: mwanao alitaka kuacha uinjinia. Alikosea kipimo, pampu ya kikundi chao ikapasuka, na hapa chuoni Aalborg kikundi kizima kina mradi mmoja, hata mtihani wanafanya pamoja. Akajifungia kwangu, hasemi. Nami nikanyamaza, mimi Birthe mpiga domo, hebu fikiria!

Leo Ijumaa, siku yao ya keki, kila wiki mmoja huoka kwa zamu, wenzake wa kikundi wakagonga mlango.

"Rasmus, leo zamu yako!"

"Si mmenichoka?"

"Tumekuchoka sana. Keki iko wapi?"

Akacheka huku analia. Tukakoroga unga, tukatia keki kwenye oveni. Sasa wamejaa mezani kwangu, Rasmus kati yao, wanachora pampu upya na kubishana.

"Mama mdogo! Keki inaungua!"

Sauti ya mwanao hiyo, dada. Nakimbia!

Birthe wako