Siku Uliposikia Tena Sauti ya Mama

Mpendwa Baba,

Mwangaluka. Nakusalimu kwa Kisukuma kwanza, kama ulivyotulea, ndipo niendelee na mengine.

Nimekaa sebuleni kwangu hapa Somanda, nguo nimeshafua na chakula kiko jikoni. Nataka kuandika yale yaliyotupata sisi watatu, wewe, Mama na mimi, na nitaacha barua hii isomwe na yeyote. Huku kwetu wazee wengi wananyamaza, na watu wanasema ni uzee tu. Nasi tulisema hivyo hivyo.

Ulikuwa unawajua ng'ombe wako kwa kengele. Tukiwa uani kule Sapiwi tunachambua pamba, ulikuwa unainua kichwa na kusema kwamba yule mwenye baka jeupe amewaacha wenzake, na kweli, baada ya muda kidogo tunamwona anakuja peke yake. Nikiwa mdogo nilidhani kila baba anaweza hivyo. Kisha ukaja msimu mmoja ng'ombe wakaingia kwenye choroko za jirani, kengele zikilia karibu kabisa na ulipokuwa umekaa, nawe hukugeuka. Jirani alikuja kulalamika. Ulimwomba radhi, ukasema ulikuwa na mawazo. Tuliamini.

Baada ya hapo ukaanza kupungua kidogo kidogo. Kanisani uliacha kuimba. Kwenye mikutano ya kijiji ulikaa nyuma na ukarudi bila habari. Nikikupigia simu kutoka ofisini, majibu yako yalikuwa hayafanani na maswali. Nakuuliza kama pamba imeshapelekwa, unasema ndiyo. Nakuuliza nije lini, unasema ndiyo. Nilikuwa nacheka na wenzangu pale halmashauri, nawaambia mzee wangu siku hizi amekuwa mtu wa kukubali kila kitu.

Mama yeye hakuwa anacheka. Alikwenda Ngulyati kumsaidia mjomba kuvuna mpunga, mavuno yakaisha, hakurudi. Nilipomfuata kumuuliza, alikuwa anapepeta mchele na hakuuacha ungo. Alisema nyumba yenu imekuwa kama nyumba ya wapangaji. Alisema anakusemesha huitiki, na akirudia unapandisha sauti kama unagombana. Lakini kilichomuumiza zaidi kilikuwa kingine.

"Nikianza kuzungumza naye, ananigeuzia uso pembeni," aliniambia. "Limi, mwanamke anajua akiwa hatakiwi."

Nami nilikuwa nimekuona ukifanya hivyo.

Nilikuja kukuchukua Sapiwi, nikasema unakuja kwangu kupumzika kidogo. Ulikubali, na sikujua kama umesikia nilichosema. Siku ya kwanza ulikaa mbele ya televisheni ukaniomba niongeze sauti. Unaikumbuka ile sabufa yangu. Niliongeza hadi vioo vya dirisha vikaanza kutetemeka, na mama mwenye nyumba akaja kuuliza kama kuna sherehe. Nikakutazama, nikaona bado umekunja uso kama mtu anayesoma maandishi madogo. Nikazima. Ndipo uliponiambia maneno ambayo hukuwahi kumwambia mtu.

"Nasikia kwamba watu wanaongea. Sisikii wanasema nini."

Kesho yake tulikwenda hospitali. Daktari aliyekupima alikuwa binti mpole, alikusogelea na kuzungumza taratibu. Alitueleza kwamba masikio yako yamechoka upande wa sauti nyembamba, na hizo ndizo zinazotenganisha neno na neno. Sauti nzito ulikuwa unazipata vizuri: lori, radi, ng'ombe akilia. Kengele ndogo na sauti za wanawake na watoto ndizo zilizokuwa zinapotea kwanza. Kisha akasema sikio la kushoto limechoka zaidi kuliko la kulia, na akauliza kama una kawaida ya kugeuza kichwa ukisemeshwa.

Nilitazama sakafu, Baba. Akilini nilimwona Mama na ungo wake kule Ngulyati. Mtu aliyedhani anageuziwa uso, kumbe alikuwa anageuziwa sikio.

Daktari aliandika rufaa ya kwenda Mwanza kupimiwa kifaa chako cha kusaidia kusikia, akasema kuna kusubiri. Nikamuuliza tufanye nini wakati tunasubiri. Akasema kinachokusaidia ni sauti safi kuliko sauti kubwa, na akanionya nisije nikayamaliza masikio yako kwa kelele.

Nilianzia sebuleni. Ile sabufa ilikuwa imebanwa kwenye kona, juu ya saruji tupu, na kona ilikuwa inaizidishia mngurumo. Niliitoa pale, nikapunguza besi karibu yote, na zile spika zake ndogo nilizokuwa nimeziweka sakafuni nikazipandisha juu ya stuli, usawa wa kichwa chako ukiwa umekaa. Nikatandika mkeka. Nikatundika pazia zito na blanketi moja ukutani, kwa sababu chumba cha saruji na bati kinarudisha kila neno mara mbili. Ulinitazama ukaniuliza kama nahama. Lakini taarifa ya habari ilipoanza, ulisikiliza hadi mwisho, kisha ukaanza kuibishia. Sijawahi kufurahia ubishi kama ule.

Televisheni ilikuwa rahisi. Watu ndio walikuwa kazi. Niliweka kwenye simu yako programu inayochukua sauti iliyo karibu na kuipeleka masikioni, nikakununulia hedfoni ndogo za kuchomeka pale karibu na stendi, kwenye boksi wamesifia besi yake. Ulizivaa kidogo tu ukazitoa, ukasema zinanguruma kama gari lililokwama kwenye tope. Nikabadilisha mipira yake, nikaweka midogo zaidi ili ikae vizuri bila kuacha nafasi, ikawa afadhali kidogo, lakini ukitafuna inachomoka. Nikaazima zisizo na waya kwa mwenzangu wa ofisini. Hizo zilikuwa na ajabu yake: mdomo wangu unafunga ndipo neno linakufikia. Ulisema ni kama kuongea na mtu aliye ng'ambo ya bonde.

Mwishowe nikapata hedfoni ya waya, ile ya kufunika sikio zima, ya kawaida kabisa, sponji zake laini. Dada aliyekuwa anauza aliniruhusu kuijaribu kwa sauti ya mtu anayesoma habari badala ya muziki, akanishangaa, maana wateja wake wote wanataka kusikia mdundo. Nikarudi kwenye ile programu ya simu. Nikashusha sauti nzito, nikapandisha nyembamba kidogo kidogo huku nakuuliza, na sikio la kushoto nikaliongezea zaidi ya la kulia. Tulikaa kwenye hilo zoezi asubuhi nzima. Mimi nasema pamba, wewe unasema kamba. Nasema sita, unasema hapana, umesema kitu kingine. Nikipandisha nyembamba sana unasema inachoma. Tukarudi nyuma kidogo. Kisha nikasema kwa sauti ya kawaida, nikiwa nimeinama, kwamba chai imepoa. Ukasema, "Basi ipashe."

Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta kiberiti.

Nilimpigia Mama nikamwomba aje. Sikumweleza mengi, nilimwambia tu kwamba ulipimwa na kuna jambo anapaswa kuliona mwenyewe. Alikuja na bodaboda mchana, akavua ndala mlangoni, akakaa kwenye kiti cha mbali. Wewe ulikuwa umevaa hedfoni, waya unaning'inia kifuani, na nilimwona Mama akijizuia kucheka. Alikusalimu kwa sauti ya chini, ile salamu ya kutimiza wajibu. Wewe ukageuza kichwa kama kawaida yako, naye akainama kutazama mikono yake.

Nilimsogezea kiti karibu nawe ili waya ufike, nikampa simu. Nikamwambia aishike karibu na kifua, asipige kelele, aongee kama zamani.

Akaisogeza kifuani. Kisha akakusalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, Baba Limi."

Ukaitikia. Hukungoja arudie.

Mama akanitazama mimi, akakutazama wewe. Akakuuliza polepole, "Ni kweli ulikuwa hunisikii?"

"Nilikuwa nasikia kwamba unaongea," ulisema. "Nikawa naona aibu kukuuliza kila mara umesema nini. Nikaona bora ninyamaze."

"Ungeniuliza tu."

"Sasa nakuuliza. Umesema nini miaka yote hii?"

Mama alianza kwa kufuta macho kwa ncha ya kitenge, kisha akaanza kusema. Alikueleza kuhusu mpunga wa mjomba, kuhusu paa la jikoni lililovuja, kuhusu jina ambalo dada yako alitaka tumpe mjukuu wenu na sisi tukampa jingine kwa sababu hukumsikia. Alikulalamikia mambo ambayo mimi nilidhani yameisha. Wewe ulikuwa unajibu kila moja. Katikati ya maneno yake niliona umeacha kugeuza kichwa. Ulikuwa unamtazama usoni, sikio likiwa halina haja tena ya kutangulia.

Mlirudi Sapiwi pamoja. Nilikuja kuwaona nikakuta mmeshajifunza mambo ambayo mimi sikuwafundisha. Mama alikuwa amegundua kwamba simu ikiwekwa mezani unasikia vikombe na kuku kuliko watu, na ikifichwa ndani ya nguo unasikia kitambaa kinasugua. Akashona kimfuko cha kuning'iniza shingoni mwa anayeongea nawe, simu inatokeza juu. Jioni alikuwa anafuta jasho na vumbi la pamba kwenye zile sponji kwa kitambaa kikavu, halafu anaunganisha simu kwenye sola. Kanisani ulirudi kukaa mbele. Mchungaji aliizoea simu yako pembeni ya Biblia yake, na waya mrefu wa kuungia hadi ulipokaa. Majirani waliokucheka kwa kuvaa hedfoni kama kijana walichoka kucheka, mmoja wao akaomba kujaribu.

Jibu la Mwanza lilikuwa bado tunalisubiri ulipougua. Ugonjwa wenyewe haukuwa na uhusiano na masikio, na haukutupa muda mrefu. Kule wodini ulivaa hedfoni yako karibu kila saa ya kuona wagonjwa. Mama alikaa pembeni ya kitanda na kimfuko chake shingoni, akikusimulia habari za nyumbani, nawe ukiuliza maswali hata nguvu zilipopungua.

Baba, nilidhani baada ya mazishi Mama atavunjika. Alilia kama watu wanavyolia. Lakini wanawake wa jumuiya walipokuja kumfariji, mmoja wao akamwambia kwamba angalau wewe ulikuwa mtu mkimya, upweke utauzoea haraka. Mama alimkatiza kwa heshima.

"Hapana," alisema. "Huyu ameondoka tukiwa katikati ya mazungumzo. Inauma zaidi. Lakini ningeulizwa, ningechagua kuumia hivi hivi."

Maneno hayo nimekaa nayo. Nilikuwa nimejilaumu kwamba tulichelewa kwenda Mwanza, kwamba ulistahili kifaa cha kweli na si simu na waya. Bado naamini ulistahili. Lakini siwezi tena kuona kwamba tulichopata kilikuwa kidogo.

Siku hizi nikiwa barabarani nawatazama wazee. Nikimwona mmoja anageuza kichwa akisemeshwa, namwomba mwanawe ampeleke kupimwa. Wengine wananiona mtu wa ajabu. Wengine wanakuja nyumbani, tunakaa hapa sebuleni penye mkeka na pazia, tunapandisha na kushusha sauti hadi uso unakunjuka. Mama yupo nami, na yeye ndiye mwalimu. Mimi nashughulika na simu, yeye anashughulika na wake zao.

Leo asubuhi ameitwa Ngulyati na rafiki yake wa zamani, ambaye mumewe ameacha kula na wenzake. Ameondoka na hedfoni ndani ya kikapu, pamoja na sukari na sabuni, kama anakwenda kumwona mzazi. Hivi sasa nilipokuwa nakuandikia, amenipigia. Nyuma yake nilisikia sauti ya mzee anazungumza, anazungumza tu, na mwanamke anacheka huku analia. Nikamuuliza Mama imekuwaje. Akaniambia nikate, simu yake ndiyo mzee anayosikilizia, na hajamaliza kuongea.

Lala salama, Baba yangu. Huku bado tunaongea.

Wabeja, asante kwa yote,
Binti yako wa kwanza,
Limi