Kiti cha Mwisho Sebuleni

Mamboleo, Kisumu

Mwanangu Walubengo,

Terry wa jirani anarudi huko Doha Jumapili, ndiyo maana nimempa barua hii. Kwa simu wewe huwa na haraka.

Tuko salama. Mvua imenyesha, mboga zimejaa soko la Kibuye mpaka wauzaji wanaita watu kwa majina. Paka wako amezaa tena.

Ile televisheni uliyonitumia pesa nimeinunua. Mimi nilitaka ndogo, lakini Mbarak mwenye duka alisema umeshampigia, unataka ya inchi sitini na tano. Akaniuliza, "Mama, sebuleni mnakaa wangapi?" Nikamjibu tuko wengi; sikumwambia ni mimi na paka.

Imefunika ukuta wote. Picha ya harusi yetu imehamia chumbani. Nikikaa kwenye kiti changu macho yananiuma, na msoma habari namwona nusu uso. Fundi aliyeifunga akacheka: "Rudi nyuma, Mama. Kaa pale mwisho."

Pale mwisho ni kiti cha marehemu baba yako. Tangu tumzike hakuna aliyekikalia. Dada yako Bridget, kabla aolewe, alikuwa anakipanguza kila Jumamosi, akisema hiki ni cha Walubengo akirudi. Mazishini hukuweza kuja. Ukasema Krismasi. Krismasi ikaja televisheni.

Sikulaumu, kazi ni kazi. Na asante, picha ni safi sana.

Ila ujue kwamba jana nilikaa kwenye kile kiti. Kumbe kutoka pale mtu anaona vizuri.

Ni mimi mama yako,
Nabututu