Naliaka Asije Januari

Komarock, Nairobi

Kwako kaka yangu Wafula,

Pokea salamu zangu, wewe na wote wa hapo nyumbani. Mama anaendeleaje na ule mguu? Uliniandikia kwamba siku hizi anafika kanisani bila kushikwa mkono, nikafurahi, ingawa nakujua, wewe habari mbaya huipunguza kwanza ndipo uitume. Na mahindi je, mvua imewaachia chochote? Mimi ni mzima wa mwili. Hiyo ndiyo habari nzuri niliyo nayo, na imeishia hapo.

Barua yako ya kuuliza kama binti yako Naliaka aje Januari aanze masomo ya kompyuta kwangu niliipata. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nangoja kuona kama chuo kitasimama tena. Hakikusimama. Acha nikueleze ilivyokuwa, maana najua huko kuna watu watakaosema Nekesa aliacha mitumba iliyokuwa ikimlisha akaenda kucheza na televisheni. Wakisema, angalau wewe uwe unajua ukweli.

Ulipokuja kunitembelea uliona chumba changu: kompyuta moja nzuri pale kwenye kona, na skrini nane kuukuu zilizounganishwa nayo kwa waya. Zile skrini hazina akili yao. Mwanafunzi akibonyeza kibodi, kazi yote inafanywa na ile ya kona. Ndivyo nilivyoweza kufungua chuo kwa jasho la mitumba ya Gikomba. Wengine walinunua kompyuta nane kufundisha watu nane; mimi nilinunua moja. Nilijisifu sana kwa hesabu hiyo. Sikuwa nimepiga upande wake wa pili, kwamba moja ikilala, zote nane zimelala.

Programu inayoendesha mashine hiyo ni ya bure, lakini huku hatuna njia ya kuivuta kwa simu kutoka ng'ambo, ni lazima uagize sidii. Tukaunda chama cha watu watatu: mimi, Kamau mwenye chuo kule Kayole, na Achieng, mwalimu wa shule ya msingi hapa mtaani anayependa mambo haya. Tukachanga, tukaagiza sidii tatu. Moja ina toleo thabiti, yaani lililokwisha kupimwa na halikusumbui. Mbili zina toleo la majaribio, lenye vitu vipya ambavyo watengenezaji bado wanavirekebisha. Ili mtu asitoroke na mali ya wenzake, tulikubaliana kila mmoja ashike sidii moja tu. Ukitaka nyingine, unatoa uliyo nayo, na kubadilishana ni kikaoni, wote watatu tukiwepo. Tulijiona wajanja kweli.

Sasa, mwaka huu ofisi za kule viwandani, Industrial Area, zilianza kuwarudisha wanafunzi wangu waliokwenda kuomba kazi. Programu yangu ya kuandikia barua ilikuwa haiwezi kufungua barua zinazotoka kwenye kompyuta za ofisi. Mpya inayoweza ilikuwa kwenye sidii ya kwanza ya majaribio. Kikao kikakaa. Nikatoa ile thabiti, Kamau akaichukua. Nikapewa ya kwanza ya majaribio. Achieng akabaki na ya pili. Kaka, nilitaka kitu kimoja tu kutoka humo. Sikuwa nahama nyumba, nilikuwa naongeza kiti.

Lakini programu hizi hazikai peke yao. Zote huegemea faili moja la msingi, wanaliita maktaba. Mashine yangu nzima iliegemea maktaba namba tano. Ile programu mpya ikasema inataka namba sita. Namba sita nayo ikasema inaweza kukaa pamoja na namba tano, mradi namba tano iwe ya toleo la thelathini na tatu au zaidi. Yangu ilikuwa ya ishirini. Na hiyo ya thelathini na tatu ilikuwa wapi? Kwenye sidii ya pili ya majaribio, kwa Achieng. Na Achieng alikuwa ameshapewa uhamisho wa kwenda kufundisha Turkana, akafunga sanduku akaondoka, sidii ikiwa ndani. Nilimwandikia. Mpaka leo kimya.

Nikampigia Kamau simu.

"Kamau, mashine inakataa. Inasema hivi vitu vinagongana."

"Madam, hivyo ni vitisho tu. Lazimisha."

"Una hakika?"

"Si mimi nilikuwa na hiyo sidii kabla yako? Nililazimisha, ikakubali. Wewe unaogopa kompyuta kama mama mkwe."

Nikalazimisha. Ikaonya, nikajibu ndiyo. Ikaonya tena, nikajibu ndiyo. Nilipoizima na kuiwasha, ilileta mstari mmoja kwamba maktaba haipatikani, basi. Hata pale pa kuandika jina langu ili inifungulie hapakutokea. Programu ya kuniruhusu kuingia nayo iliegemea ile maktaba, na programu ya kurekebisha makosa pia iliiegemea. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba.

Wanafunzi wakaja mchana. Njeri, yule wa kiwanda cha sabuni asiyeweza kunyamaza, akaniangalia nimeinama nyuma ya mashine.

"Mwalimu, imededi?"

"Imelala."

"Basi ipige kofi kama redio ya babangu."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Siku iliyofuata hawakucheka. Baada ya hapo walianza kupungua.

Baadaye nilikuja kujua kwamba maktaba ya Kamau, tangu aliponunua mashine yake, ilikuwa ya toleo la thelathini na nne. Thelathini na nne! Ndiyo maana kwake ilikubali. Hakuniuliza yangu ni ya ngapi. Na mimi, ambaye pale Gikomba nilikuwa nahesabu vifungo vya shati kabla ya kulinunua, sikuuliza yake.

Kwenda mbele kulikuwa Turkana. Kurudi nyuma kulihitaji ile sidii thabiti, maana ndiyo pekee inayoweza kuianzisha mashine upya, na nilikuwa nimeitoa kwa mkono wangu. Nikaenda Kayole. Nilipofungua mlango wa Kamau, niliwakuta wanafunzi wangu wanne wameketi kwenye benchi zake, Njeri akiwa wa kwanza. Aliinamisha kichwa. Sikumlaumu, mtu ametoka kazini na vumbi lake, anataka kujifunza, aende wapi?

"Kamau, nipe ile sidii nianze upya."

"Sidii ni ya chama, madam. Kubadilishana ni kikaoni."

"Kikao cha nani? Achieng yuko Turkana."

"Kwa hivyo kikao hakipo. Sheria tuliandika sote, na wewe ndiwe uliyesisitiza tuwe watatu."

Hapo alinishika. Ni kweli nilisisitiza.

"Wewe uliniambia nilazimishe."

"Nilikuambia ya kwangu ilivyokuwa." Kisha akasema, bila kejeli sasa, "Leta mashine hapa. Nitaiwekea toleo thabiti mimi mwenyewe, na wewe ufundishe hapa hapa. Lakini ibaki hapa. Mimi wanafunzi ninao, mashine hazinitoshi."

Niliwaza nikirudi. Wale wanne walikuwa katikati ya masomo, na wengine wanne walikuwa wakipita mlangoni pangu kuchungulia. Bila mashine, mimi si mwalimu wa mtu. Nikakodi mkokoteni, nikaifunga mashine kwa blanketi, skrini zikafuata. Kamau aliweka sidii, akafuta kila kitu kilichokuwa ndani, barua zote walizoandika wanafunzi na majina yao, na mashine ikaamka kama siku niliyoinunua. Namba tano, toleo la ishirini. Ile programu ya ofisini haimo wala haitaingia. Yaani baada ya yote hayo, inafanya kile kile ilichokuwa ikifanya kwangu, ila sasa iko kwa mtu.

Sasa mimi nafundisha Kayole. Kibao cha mlangoni kina jina la Kamau. Hapa Komarock chumba nimemrudishia mwenye nyumba. Nilimwomba Kamau nafasi ya binti wa ndugu yangu, akasema walimu wake hawaleti watu wa bure. Mimi pia ningesema hivyo.

Kaka, nimekuchosha. Msalimie mama, mwambie nakula vizuri. Msalimie wifi yangu, na umshukuru kwa njugu, zilifika zote. Msalimie baba mdogo, na akianza yale ya televisheni, mwache amalize.

Na Naliaka. Ile nafasi ya ushonaji kwa masista aliyokuwa akiikataa, mpeleke kabla hawajaijaza. Akikuuliza kuhusu Nairobi, usimwambie darasa la shangazi limejaa, kwa sababu huyo ninamjua, atasubiri. Mwambie halipo.

Ni mimi dada yako,
Nekesa