Kutazama Siyo Kununua

Nyarugusu, Geita
Alhamisi

Mdogo wangu Noela,

Pokea salamu zangu na za watoto. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mama naye mzima, na ule mguu wake uliokuwa unavimba umeanza kupungua. Sisi huku tunapumua. Davis ameota upya meno ya mbele yaliyong'oka, na huyu mdogo ameanza kukimbiza kuku wa majirani. Habari za saluni yako nazipata kwa mama kila tukiongea: mashine mpya ya kukaushia nywele, kioo kipya, na marumaru uliyomwekea yeye sebuleni. Akishamaliza kukusifu wewe ndipo anakumbuka kuniuliza kama nimekula. Nakutania tu. Au labda sikutanii, utaona mwenyewe huko mbele.

Utashangaa kupata barua ya mkono siku hizi. Nimeifunga vizuri na kumpa konda wa basi la Kahama, akuachie Kagongwa mkononi mwako na si kwa mtu mwingine. Sikutaka jambo hili lipite kwenye simu.

Kubwa ni kwamba Jumamosi nakuja nyumbani na watoto wote na mabegi. Nataka kumwacha Makoye. Jumapili wajomba watakaa kuniuliza sababu, na unawajua wajomba zetu, mwanamke akirudi kwao bila sababu ya kueleweka wanamrudisha kwa mumewe siku hiyohiyo na maneno ya kumshindilia. Kwa hiyo sababu lazima niwe nayo. Nimeona wewe uijue kabla yao.

Ilianza na wivu. Wewe unanifahamu, tangu utotoni nilikuwa nachungulia nyama kwenye sahani yako. Zamani Makoye akitoka kwenye karasha, pale wanaposaga mawe ya dhahabu, alikuwa anapitia kibandani kwangu, anakula, ananichokoza mbele ya wateja mpaka naona aibu. Akaacha. Akawa anaingia bafuni na simu, anakaa humo mpaka maji ya kuoga yanapoa. Hela ya matumizi ikaanza kuja imepungua, na maelezo yakaongezeka. Kitandani nikawa naonyeshwa mgongo.

Nikamshuku Melania. Huyu ni mwanamke anayekaa kwenye gesti inayotazamana na kibanda changu, na kazi yake kila mchimbaji hapa anaijua. Ni mrefu, ana ngozi inayong'aa hata bila mafuta, ana kiuno nilichokuwa nacho mimi kabla ya Davis. Alikuwa anakuja kula kwangu, na akimkuta Makoye anamsalimia kwa adabu, habari za kazi Baba Davis, halafu anainama kwenye sahani yake. Ile adabu ndiyo iliyonichoma. Nilijiambia hakuna mwanamke wa gesti anayeona aibu bure. Nikawa namzidishia chumvi kwenye maharage, na nyama namchagulia mifupa. Alikula, akalipa, hakuniuliza kitu.

Mwezi uliopita polisi walifanya msako. Waliwapakia wanawake wa gesti kwenye gari, Melania akiwa wa mbele kabisa, kanga kichwani. Noela, nilipiga vigelegele. Mimi mama wa watu, na mwiko mkononi. Wanaume waliotoka kwenye vyumba vilevile walibaki barazani wakifunga mikanda, na hakuna aliyeulizwa hata jina. Siku hiyo sikulitilia maanani. Niliona tu kwamba mwizi wangu amekamatwa, nikaenda kumpikia Makoye wali na sato.

Basi Melania hayupo, na Makoye ni yuleyule wa bafuni. Nikambana. Nilitegemea akatae ili tupigane vizuri, lakini hakukataa. Alikiri kwa utulivu kama mtu anayeeleza bei ya mawe, kwamba yuko mwanamke anayejirekodi akiwa uchi na kuwatumia wanaume kwenye simu, wanamlipa kila wiki, na yeye Makoye ni mmoja wao. Alisema ningepaswa kumshukuru, maana wenzake wanaingia gesti na kutoka na magonjwa, lakini yeye hajamgusa mtu wala mtu hajamgusa. Alisema kutazama siyo kununua. Akaongeza kwamba hata siku ya msako polisi walipita mbele yake, simu iko mfukoni, wakamsalimia.

Nakwambia ukweli, kwa muda mfupi nilitaka kumshukuru kwa Kisukuma chake, wabeja sana. Alifuta kila kitu mbele ya macho yangu, tukala, tukalala. Lakini wivu haukulala. Mwanamke wa gesti ningeweza kumwagia maji ya vyombo. Huyu wa kwenye simu nimfuate wapi? Nilijiuliza ana nini huyo mpaka mume wangu amlipe kwa kumwona tu, wakati mimi nipo bure, tena napika.

Nilikwenda kwa dada Hosiana, msaidizi wa sheria anayekaa ofisi ya kata siku za gulio. Nilimweleza kama habari ya jirani yangu, naye akatabasamu, maana nadhani kila anayekwenda pale ana jirani. Alisema sheria inazikataa zote mbili, biashara ya kuuza mwili na biashara ya picha za uchi, ila kila moja ina vifungu vyake, na hii ya picha ikishapita kwenye mtandao adhabu yake siyo ya mchezo. Nilimuuliza mbona wanaobebwa kwenye gari ni wa gesti peke yao. Akasema wale wanaonekana kwa macho, wana mlango na namba ya chumba. Nikamuuliza ipi mbaya zaidi mbele ya Mungu, akanielekeza kwa mchungaji. Kwa mchungaji sikwenda, kwa sababu mke wake hawezi kukaa na neno.

Nilikwenda kwa Melania, au tuseme alikuja mwenyewe. Walimwachia, akarudi amekonda, akakaa kwenye benchi langu kama zamani na kuagiza ugali. Nilimwekea nyama ya kweli. Akaitazama, akasema leo Mama Davis umenisamehe kosa nisilolijua. Nikamwambia yote. Alisema Makoye hajawahi kuvuka barabara kuja kwake, na kwamba alikuwa anaionja ile chumvi akinyamaza kwa sababu hakutaka kugombana na mwenye sufuria. Nikamuuliza, kwa kuwa kazi anaijua, kama yule wa kwenye simu ni mwenzake au ni mtu tofauti. Alifikiri sana. Alisema mwanaume akija kwake anamwona uso, akimwogopa anamfukuza, na akishafunga mlango jambo limekwisha, lakini picha haina mlango wa kufunga, inaendelea kutembea kwa watu usiowajua mpaka siku watoto wako watakapoiona. Yeye hata akilala njaa hatajipiga picha. Halafu akasema asimseme vibaya mwenzake, huenda naye akimwona Melania anashukuru Mungu kwamba hakuna jasho la mtu linalomgusa. Alikula akamaliza. Nikakataa hela yake.

Sasa sikiliza kilichofuata. Baada ya wiki Makoye akarudi bafuni. Ndipo nikakumbuka kwamba laini anayotumia ni yangu. Wakati wa kusajili kwa alama za vidole hakuwa na kitambulisho cha taifa, nikamsajilia kwa jina langu, na mpaka leo hajakifuatilia. Nilikwenda kwa wakala na kitambulisho, nikaweka kidole, nikamwambia laini yangu imepotea. Akanipa nyingine papo hapo. Ya Makoye ikazima akiwa kazini, akadhani ni mtandao wa huku kwetu. Nikamwomba wakala anitolee orodha ya miamala, na pale dirishani kwake nikasoma hela zilikokuwa zinakwenda kila Ijumaa.

Zilikuwa zinakwenda kwa Euphrasia Kalisti. Kwa mama.

Noela, nililia pale kwa wakala mpaka akaniletea kiti. Nilidhani Makoye amenidanganya kwa wema. Nilidhani ameona aibu kusema kwamba anamsaidia mama mkwe, mwanaume wa Kisukuma na majivuno yake, akaona afadhali nimdhanie uchafu. Nilitembea kurudi kibandani nikijilaumu kwa wivu wangu wote. Nikapanga kumnunulia shati.

Jioni hiyo nikafungua WhatsApp kwa laini ile, na video ikaingia. Huyo mwanamke amevaa barakoa nyeusi. Nyuma yake lipo lile pazia la maua ya zambarau nililomnunulia mama Krismasi, ambalo Makoye ndiye aliyelibeba kwenye pikipiki na kulitundika kwa mikono yake. Na mwishoni huyo mwanamke anacheka huku ameziba mdomo kwa kiganja, juu ya barakoa, kama anavyocheka mtu mmoja tu ninayemfahamu tangu akiwa mgongoni kwangu.

Ile laini ya mama tulimsajilia sisi wawili, ukasema utamtunzia wewe kwa sababu yeye hajui kubonyeza. Nami nilikushukuru.

Makoye nimemuuliza. Alisema hakujua. Nilipomtajia pazia, na jina la mama alilokuwa akiliona kila akituma hela, akasema wewe ulikuwa umevaa barakoa, na kwamba mtu akivaa barakoa siyo mtu fulani tena. Miaka yote anakuita mke mdogo kwa utani wa shemeji, mbele ya mama, mbele ya wajomba, na sisi wote tunacheka, mimi nikicheka kuliko wote. Aliendelea kusema hajakugusa. Nilimwambia bora angekugusa, ningejua pa kushika.

Nisikudanganye kwamba nilichoumia ni dhambi. Nina wivu, Noela. Niliirudia ile video. Sikuirudia kutafuta ushahidi, nilikuwa natafuta ulichonizidi. Nimejitazama kwenye kioo cha Makoye cha kunyolea ndevu, kipande kwa kipande, maana ni kidogo. Nimekuonea wivu kwa marumaru ya mama, halafu nikajua yametoka wapi, na bado wivu haukupungua. Melania nilimpigia vigelegele akibebwa kama mzigo. Wewe ningekufanyia nini, wakati umefanya hayo Makoye akiwa hata hajatoka nyumbani kwangu?

Nilitaka kukushitaki. Nilirudi kwa Hosiana na safari hii sikuwa na jirani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza laini ya anayelipa ina jina la nani, na ya anayelipwa ina jina la nani. Nikamjibu. Akaweka kalamu chini. Alisema polisi huanza na majina, na kwa majina yaliyopo muuzaji ni mama na mnunuzi ni mimi. Watakaoitwa kwanza kituoni ni mwanamke mgonjwa wa mguu kutoka Kagongwa na binti yake muuza ugali wa Nyarugusu. Kwenye kumbukumbu za mtandao hakuna Makoye wala hakuna Noela. Yupo tu mtoto mwema anayemtumia mama yake hela kila Ijumaa.

Kwa hiyo polisi siendi. Lakini kuna hesabu moja nimeifanya njiani nikitoka kwa Hosiana, na hii ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kila Makoye alipokutumia hela, jina lililotokea kwenye simu yako lilikuwa langu. Siyo mara moja. Ulilisoma, ukajua fika ni simu ipi na nani anaishika, ukavaa barakoa ukawasha taa. Makoye anaweza kudai barakoa ilimpoteza. Wewe ulipotezwa na nini?

Jumapili nitawaambia wajomba kwamba Makoye ana mwanamke. Sitasema zaidi ya hapo, na mama sitamgusa kwa neno. Wakiuliza ni nani huyo mwanamke, nitanyamaza na kukutazama wewe, na utakuwa na muda wote wa kufikiri kama kutazama ni kitu au si kitu. Ukitaka jibu liwe Melania, sema wewe, kwa mdomo wako, mbele yangu. Wote wataamini.

Msalimie mama. Mwambie watoto wanamletea dagaa, na asipande juu ya kiti kufua mapazia, mguu haujapona. Mpe pole shangazi kwa msiba. Mwenyezi Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi dada yako, ambaye jina lake umekuwa ukilipokea kila Ijumaa,

Zipora