Mwoka Mikate Aacha Mkate

Jumatatu, 3 Juni
Nimeanza leo. Daktari kasema sukari inaninyemelea, niache wanga: mkate, wali, viazi, basi! Nikamwambia, "Daktari, mimi ni mwoka mikate." Akajibu, "Oka. Usile tu." Rahisi kwake!

Jumatano, 5 Juni
Kichwa kinagonga. Miguu imelegea. Chooni naenda na kurudi — mkojo tu! Bosi kauliza kama namkwepa. Nimemfokea mteja, kumbe alikuwa ananisifia mikate.

Jumapili, 9 Juni
Kilo tatu zimekwenda! Nimecheza bafuni na taulo. Shemeji yangu nesi kasema hayo ni maji tu, mafuta hata hayajashtuka. Wivu.

Ijumaa, 14 Juni
Balaa! Nimerudi kazini, mke wangu kaninusa mdomo. Eti nanuka dawa ya kufutia rangi ya kucha. "Kucha za nani?" Nikacheka. Kosa kubwa sana. Nalala sebuleni. Kochi fupi, miguu inaning'inia.

Jumamosi, 15 Juni
Nesi kaja kuamua kesi. Kaninusa kama anayechagua samaki sokoni. Kasema mwili ukikosa wanga unachoma mafuta, na harufu inatokea mdomoni. Hakuna mwanamke hapo. Mke wangu kasema, "Kumbe." Basi! Hakuomba radhi, ila kanikaangia mayai manne. Nimeelewa. Nimerudi chumbani — dirisha kaliacha wazi, hata hivyo.

Jumanne, 25 Juni
Nguvu zimerudi. Nabeba gunia la unga bila kuhema, na mkate wa moto haunitoi udenda tena. Lakini mizani imegoma! Namba ile ile tangu wiki iliyopita. Nesi anasema mwili ukiona chakula kimepungua, nao unabana matumizi. Yaani tumbo langu mwenyewe linanifanyia ubahili!

Jumamosi, 29 Juni
Suruali imenivuka dukani, mbele ya foleni nzima. Mizani imekataa kusema, suruali imesema.

Nimefika nyumbani na furaha yangu — namkuta mama mkwe. Kaniona, kashika kichwa. "Mwanangu, mume humlishi?" Mke wangu kaeleza mambo ya daktari, nani anasikiliza! Mama kafunga kanga kiunoni, kaingia jikoni mwenyewe. Katoka na sinia la wali, viazi juu yake. Kaniwekea mbele, kakaa kunitazama.

Nisipokula, nimemdharau mkwe. Nikila, nimekubali kwamba binti yake alininyima. Mke wangu kanikanyaga mguu chini ya meza. Mara mbili. Nile, au nisile? Nikamtazama — uso mkavu.

Nimesingizia kwenda kunawa mikono. Naandika bafuni, nimekalia ndoo. Mama mkwe anaita, "Baba, chakula kinapoa!" Sasa mlango unagongwa, polepole. Ni mke wangu. Ananong'ona, "Fungua. Nimekuja na sahani yangu, turudi tukagawane: wali wako nitaumaliza mimi."